Asiyekuwepo Ndiye Anayepaka

Wanyoike alikamatwa akiwa amevaa kamera ya marehemu shingoni, na hilo liliwatosha watu wote isipokuwa mke wake na Sajini Khisa.

Mke wake, Wangu, alikuwa na sababu za mke. Khisa alikuwa na moja tu, ya polisi. Mwizi hatembei barabarani mchana kweupe amejining'inizia mali ya wizi kifuani, tena akielekea kwenye kizuizi cha askari. Huificha. Huitia kwenye gunia la viazi. Wanyoike alikuwa ameivaa kama mkufu wa bibi arusi.

"Nilikuwa naileta kituoni," alisema Wanyoike tangu siku ya kwanza, na hakubadilisha neno. "Niliiokota kwenye kichaka cha leleshwa, karibu na ile njia ya Menengai. Nilijua ina mwenyewe."

"Na pasi yako?"

"Sikuwa nayo, afande."

Hapo ndipo kesi ilipomlalia. Ilikuwa mwaka wa 1957. Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ilikuwa haijaondolewa, na Mkikuyu aliyetoka mjini bila pasi ya kusafiria alikuwa na kosa hata kabla hajafanya lolote. Wanyoike alitunza bustani ya mzungu mmoja kule Milimani. Jumapili alichomoka kwenda kumwona mama yake upande wa Bahati, na akakata njia kupitia Menengai. Alasiri akakamatwa. Jumatatu asubuhi wachunga ng'ombe wakauona mwili wa Kang'ethe, fundi baiskeli wa Bondeni, umelala kwenye mawe ndani ya lile shimo kubwa la volkano la Menengai, chini ya ukingo. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Inspekta aliweka mwili upande mmoja na kamera upande wa pili, akafunga jalada. Wanyoike angepandishwa gari la moshi Jumamosi kwenda Nairobi, na kesi kama ile ikifika Nairobi ilikuwa na mwisho mmoja. Kamba.

Alhamisi asubuhi Wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo na bakuli la githeri, mahindi na maharage, alilokatazwa kuliingiza.

"Mama, nenda nyumbani," Khisa alimwambia.

"Nikafanye nini nyumbani?"

"Ukapike."

"Nimeshapika. Hiki hapa. Sasa niambie nani atakula."

Khisa alilichukua lile bakuli, akampa askari wa mahabusu bila kumtazama machoni, akashika njia ya Bondeni.

Obeid Darweshi aliuza vitambaa. Duka lake lilikuwa la babake, na babake alikuja na reli kutoka Mombasa. Nyuma ya duka, baada ya pazia jeusi, kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na kabla ya kile chumba kulikuwa na meza ndefu ya kukatia nguo. Juu ya meza ile ndipo Chama cha Picha kilipokutana kila Ijumaa jioni.

Chama chenyewe kilikuwa na watu wanne. Obeid, mwenyekiti. Dualeh, Msomali mwenye lori. Peterson, karani wa ghala la pareto. Na Kang'ethe, ambaye sasa alikuwa kwenye chumba cha maiti. Hawakuwa wapiga picha wa kazi. Jumapili walipanda lori la Dualeh wakaenda kupiga chochote kilichowapendeza: heroe ziwani, ng'ombe wa Dundori wakipelekwa kukamuliwa, watu wanaposhuka treni na kuku wao. Ijumaa walizimwaga picha mezani, wakasifiana, na zaidi wakachekana.

"Marehemu alikuwa na jicho, Sajini," alisema Obeid. "Mimi nina kamera ya Kijerumani. Yeye alikuwa na kile kiboksi. Na kila Ijumaa aliniaibisha mbele ya chai yangu mwenyewe."

Kituo hakikuwa na mtu wa kusafisha filamu, kwa hiyo Khisa mwenyewe alikuwa amemletea Obeid filamu iliyokuwa kwenye kamera. Sasa picha zilikuwa zimekauka. Obeid alizipanga mezani kwa utaratibu wa mtu anayeonyesha khanga kwa mteja asiye na haraka.

Nyingi zilikuwa za shimo la Menengai, moshi ukitoka chini. Moja ilikuwa ya Kang'ethe mwenyewe. Alisimama ukingoni, anacheka, kichwani amefungwa kitambaa kama mwanamke anayekwenda kuni.

"Nani alipiga hii?"

"Mimi, kwa kamera yake, kabla hatujateremka. Upepo ulimpokonya kofia, ikaenda shimoni. Dualeh akampa hicho kitambaa, akakifunga hivyo. Tulicheka mpaka Dualeh akakaa chini."

"Halafu?"

"Halafu mimi na Dualeh tukateremka mjini. Nilikuwa na wageni. Kang'ethe akasema anangoja jua liinamie magharibi, vivuli vilale. Alisema atashuka kwa miguu." Obeid alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Kama ningemvuta mkono, Sajini."

"Peterson alikuwa wapi?"

"Jino. Alimtuma mtoto wa jirani asubuhi kusema hawezi. Kwa hiyo picha ni yake."

"Yake kivipi?"

Obeid alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Ni kanuni yetu. Asiyekuwepo ndiye anayepaka. Picha hutoka nyeusi na nyeupe, sivyo? Sisi tunachagua moja, tunampa yule aliyekosa safari aitie rangi. Hajui rangi za siku ile, basi anapaka za kichwa chake, na Ijumaa tunahesabu makosa. Mwaka jana Dualeh alikosa safari ya Dundori, akampaka nyapara mmoja koti la waridi. Mwenyewe alipoiona alitafuta kiboko."

"Na akiwauliza rangi?"

"Marufuku kumwambia. Anayetaja anawalipia wote chai na mandazi. Bado hajatokea." Tabasamu lilimwisha. "Hii ya sasa si ya kucheka. Ni ya kumpelekea mama yake Kang'ethe, aitundike. Nilimpa Peterson jana. Hakuuliza kitu. Aliitia ndani ya koti akaenda zake."

Khisa aliomba kuona albamu ya chama. Aliifungua ukurasa baada ya ukurasa: madaraja, mapunda, watoto wenye meno ya mbele yaliyong'oka. Karibu na mwisho kulikuwa na pembe nne za karatasi zimegandishwa, na katikati yake hakuna picha.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo? Mama wa miwa. Tulimpiga picha kule Bahati, yaani Kang'ethe alimpiga. Aliichukua Ijumaa iliyopita. Alitaka nimkuzie, iwe kubwa ya kutundika dukani kwangu. Nikamwambia lete na negativu yake. Akasema ataileta Jumatatu."

Jumatatu Kang'ethe alikuwa amekwisha kufa. Na nyumbani kwake, Khisa alikumbuka, walikuta negativu zote kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi. Alikuwa amezitazama moja moja dirishani akitafuta watu wanaofanana na maadui. Mama wa miwa hakuwemo, wala hakuwa mifukoni mwa maiti.

"Picha hiyo ilikuwa na nini?"

"Mama anauza miwa. Anacheka."

"Nyuma yake?"

Obeid alifumba macho. "Landrova. Ya serikali. Watu wanashuka, wadogo kama siafu. Mmoja ameshika gunia."

"La nini?"

"Tupu. Amelikunja mkononi."

"Uso wake ulionekana?"

"Katika picha ndogo, hapana. Ikikuzwa..." Obeid alipima hewani kwa mikono miwili ukubwa wa picha. "Ikikuzwa hivi, ungeonekana. Kwani kuna nini?"

Mwaka ule hapakuwa na mtu kutoka Naivasha hadi Molo ambaye hakujua gunia tupu hufanya nini ndani ya gari la serikali. Watu wanapangwa mstari. Mtu anashushwa, kazi yake kuwataja Mau Mau, amevikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Anapita mbele ya mstari. Akiinamisha kichwa kukubali mbele yako, unapanda lori kwenda kambini, na wengine hawakurudi. Nani alikuwa ndani ya gunia, hakuna aliyejua. Siku akijulikana, yeye ndiye asingerudi. Obeid alikuwa mtu wa dukani, hakupata kupangwa mstari, na alimwona mtu na gunia kama anavyoona mtu na debe.

"Nani alijua picha hiyo inakuzwa?"

"Sote. Kang'ethe aliisema hapa mezani."

"Peterson alikuwepo?"

"Alikuwepo. Na Dualeh."

Khisa alichukua picha ya Kang'ethe na kitambaa chake. "Nakala?"

"Chukua. Nitatoa nyingine."

Dualeh alikuwa chini ya lori lake karibu na soko, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Khisa aliipiga buti moja teke dogo.

"Toka."

"Nani?"

"Serikali."

"Serikali ingoje, mafuta yanadondoka." Lakini alitoka, mrefu, mkavu, amepakaa grisi mpaka kwenye nyusi.

"Ulisema Jumapili ulimshusha Obeid dukani kwake ukaenda kulala."

"Ndiyo."

"Mtu wa petroli anasema lori lako lilipanda tena kule juu. Wewe peke yako."

Dualeh alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu, kidole kimoja kimoja. "Mtu wa petroli ananidai."

"Dualeh. Kuna mtu ndani, na Jumamosi anakwenda Nairobi. Akitoka yeye, lazima mwingine aingie. Sichagui."

"Kang'ethe alikuwa rafiki yangu."

"Ndiyo maana angekusogelea ukingoni bila wasiwasi."

Dualeh alizunguka nyuma ya lori akafungua ubao. Ndani mlikuwa na majani makavu, na ndani ya majani kinyesi cha kondoo, bado hakijawa cheupe.

"Kondoo," alisema. "Wa jamaa yangu, barabara ya Solai. Bila kibali. Niliwapeleka kwa bucha kabla ya magharibi. Muulize, ila muulize kwa sauti ndogo."

Khisa alimwuliza mwenye bucha, na mwenye bucha, baada ya kuapa kwamba hajapata kumwona kondoo maishani mwake, alikubali. Saa zililingana. Dualeh alikuwa na kosa, lakini lilikuwa la faini.

Aliporudi, Khisa alimwonyesha Dualeh picha. "Hiki kitambaa ni chako?"

"Changu, Mungu amrehemu. Dada yangu Hadiya alinitumia kutoka Isiolo. Kilifika Jumamosi jioni na lori la binamu, na Jumapili kilikuwa bado kwenye karatasi, chini ya kiti. Sikupata hata kukivaa. Kusema kweli nisingekivaa mjini."

"Kwa nini?"

"Zambarau, Sajini. Na ukingo wa manjano. Nikitembea nacho, watoto watanifuata."

Picha ilionyesha kijivu, na ukingo kijivu kidogo zaidi. Khisa aliitazama tena.

"Kiko wapi sasa?"

"Si alikuwa nacho? Kwani hamkumkuta nacho?"

Hawakumkuta nacho. Maiti ilikuwa kichwa wazi.

"Basi ni upepo," alisema Dualeh. "Kule hakuna kinachokaa."

"Upepo ulichukua kofia, na kofia tuliikuta shimoni, karibu na mwili. Upepo ule unasukuma kwenda shimoni. Kitambaa nacho kingekuwa shimoni. Askari walipekua mawe yote."

Dualeh alikuna nyusi akajipaka grisi zaidi. "Basi kilikwenda wapi?"

"Hicho ndicho ninachotafuta. Umemwambia nani rangi yake?"

"Nani huniuliza mimi rangi ya kitambaa?"

"Ukiulizwa, wewe ni bubu. Na usizungumze na Obeid habari zake."

Ghala la pareto lilikuwa na vumbi la maua makavu linalowasha pua. Peterson aliinuka Khisa alipoingia, akamvutia kiti, akakipangusa. Alikuwa na shati safi, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya mtu anayesoma somo kanisani Jumapili.

"Karibu, Sajini. Ni msiba kwetu sote."

"Jino linaendeleaje?"

"Nashukuru. Limetulia."

"Liling'olewa?"

"Hapana. Nilitia karafuu."

"Fungua mdomo."

Peterson alicheka kidogo, akaona Khisa hacheki, akafungua. Meno yalikuwa yote, meupe, mazima kama ya farasi wa mnada. Khisa aliinama akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lipi?"

"La nyuma. Huku."

"Sawa. Funga." Khisa alishusha macho. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale mkono wa shati ulipoishia, kulikuwa na mikwaruzo mitatu iliyoanza kufanya magamba. "Hii?"

"Magunia. Yana sindano za kushonea, watu hawazitoi."

"Karani hubeba magunia?"

"Wakati mwingine mtu husaidia."

Khisa aliinamisha kichwa kana kwamba ameridhika. Vichaka vya leleshwa vilijaa ukingo mzima wa Menengai, na vijiti vyake vikavu hukwaruza hivyo hivyo. Lakini na sindano hukwaruza. Mkwaruzo haumtoi mtu mahabusu.

"Jumapili ulikuwa wapi mchana?"

"Kitandani."

"Nani alikuona?"

"Sajini, mtu mgonjwa wa jino hataki kuonwa."

"Picha ya marehemu umeshaipaka?"

"Imebaki kukauka. Kesho naipeleka mezani."

"Nitakuja kuiona," alisema Khisa. "Sijawahi kuona kazi hiyo."

Ijumaa, jua likiwa bado juu ya paa za Bondeni, Obeid alifunga mlango wa mbele wa duka na kuweka birika mezani. Viti vilikuwa vinne kama siku zote, na hakuna aliyekigusa cha Kang'ethe. Khisa alikaa pembeni juu ya jora la marekani. Nje, kwenye baraza ya duka, Wangu alikuwa amekaa na bakuli lake. Hakuna aliyemwita. Alimfuata Khisa kutoka kituoni bila kusema neno, na Khisa alijifanya hakumwona.

Peterson alifika wa mwisho. Aliamkia kila mtu, akafungua gazeti alilokuwa ameifunga picha, akaiweka katikati ya meza.

Ilikuwa kazi nzuri. Hata Khisa aliona. Peterson alikuwa ametumia pamba kwenye kijiti, rangi imelala bila madoa, na uso wa Kang'ethe ulikuwa na damu ndani yake. Obeid alitoa leso akageukia ukuta kidogo.

Dualeh ndiye aliyeanza. Labda ni mazoea tu.

"Haya, makosa," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Marehemu angetaka tuhesabu. Shati. Umelipaka samawati, lilikuwa jeupe. Moja."

"Moja," alisema Obeid kutoka ukutani.

"Suruali, kaki. Sawa, hiyo alivaa siku zote, haihesabiwi. Majani nyuma yake umeyapaka kijani kama ya Kericho. Yalikuwa makavu. Mbili." Kidole chake kikapanda juu ya picha, kikafika kichwani, kikasimama. "Kitambaa..."

Kitambaa kilikuwa cha zambarau. Ukingo wake, mwembamba kama ukucha, ulikuwa wa manjano.

Obeid alikuja mezani. Aliinama. Akamtazama Dualeh.

"Ulimwambia?"

"Mimi? Si wewe?"

"Niwalipie chai kwa sababu ya kitambaa?"

Peterson alikuwa ameshika kikombe. "Jamani, nimebahatisha. Mtu hawezi kupatia hata mara moja?"

"Mimi nauza vitambaa," Obeid alisema polepole. "Zambarau yenye ukingo wa manjano sijaiweka dukani tangu nizaliwe. Hakuna anayeivaa hapa."

"Basi nimewahi kumwona Dualeh nacho."

"Lini?" aliuliza Dualeh. "Kilifika Jumamosi jioni. Jumapili nilikitoa kwenye karatasi kule juu Menengai. Ulikuwa na jino."

Khisa alishuka kwenye jora. Alikuja akasimama nyuma ya kile kiti cha nne.

"Shati ulilikosea makusudi," alisema. "Na majani. Ulikumbuka kwamba hukuwepo, basi ukakosea kama mtu ambaye hakuwepo. Lakini kitambaa hukukifikiria, maana hicho ndicho ulichokishika. Mlivutana. Yeye akaenda chini, kitambaa kikabaki mkononi mwako. Tangu Jumapili hujaona rangi nyingine."

"Sajini, hayo ni maneno."

"Kweli. Ndiyo maana nina askari wawili mlangoni kwako sasa hivi wanangoja nifike. Nyumba yako ni chumba kimoja. Huwezi kuchoma kitu pale bila jirani kuuliza kinachonuka. Utaniambia kiko wapi, au nipasue kila kitu?"

Peterson aliweka kikombe. Kilikuwa kimejaa, na hakuna tone lililomwagika. Alipozungumza tena alikuwa amepunguza sauti.

"Tutoke nje, mimi na wewe. Dakika moja."

"Zungumza hapa."

"Ni mambo ya ofisini."

"Ofisi ya pareto?"

"Mpigie simu Inspekta. Mtajie jina langu tu, basi. Ataelewa."

Dualeh, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, aliacha kuegemea.

"Inspekta anakujuaje wewe?" aliuliza Obeid. Aliuliza bila hila, kama mtu anayetaka kujua.

Peterson hakumtazama. Alimtazama Khisa, na Khisa akamtazama yeye.

"Mwenyekiti amekuuliza," alisema Khisa. "Hapa picha huonyeshwa mezani. Kama kuna jambo la kukuokoa, liweke mezani. Nitaliandika kama lilivyo, na hawa watakuwa mashahidi."

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia. Peterson alifungua mdomo. Akamtazama Dualeh, kisha Obeid, kisha pazia jeusi, kana kwamba kuna wengine nyuma yake wanaosikiliza. Angesema neno moja juu ya gunia asingefika Nairobi hata kidogo, maana kabla ya simu kupigwa Bondeni nzima ingelijua. Asiposema, lilikuwa shauri la hakimu.

"Hanijui," alisema mwishowe. "Nilisema tu."

"Basi ulikuwa na nini na Kang'ethe?"

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Kamera. Nilimwomba aniazime, akakataa. Nilimfuata kule juu. Sikukusudia aanguke."

"Kile kiboksi?" Obeid alikaa chini kwenye kiti chake kama mtu aliyekatwa miguu. "Mimi ninazo tatu, Peterson. Ungeniomba mimi."

"Na hukuichukua?" Dualeh aliuliza. "Uligombania kamera, halafu ukaitupa kwenye leleshwa?"

Khisa aliandika: ugomvi juu ya kamera. Lilikuwa neno la uongo na lilimtosha. Uongo ule ungemtoa Wanyoike sawasawa na ukweli, tena upesi zaidi, kwa sababu ukweli ungepanda ghorofani kwa wakubwa na usingeshuka tena. Swali la picha ya mama wa miwa hakuliuliza.

"Kitambaa?"

"Ndani ya mto. Nimekishonea humo."

"Weka sahihi hapa. Obeid, na wewe. Dualeh, dole gumba ukitaka."

"Najua kuandika," alisema Dualeh, akaandika.

Khisa alimtia Peterson pingu mikono ikiwa mbele, akachukua picha, akaifunga tena katika gazeti lake. "Hii ni ushahidi. Itabidi mama yake mumpakie nyingine."

"Nani atapaka?" aliuliza Obeid.

Wangu aliinuka mlango ulipofunguliwa. Alitazama pingu kwanza, ndipo akamtazama aliyezivaa.

"Ni huyu?"

"Ni huyu. Kesho treni itaondoka bila mumeo. Nenda kapike, mama."

"Nimeshapika," alisema Wangu, akalifunika vizuri bakuli lake.

Barazani kote watu walikuwa wamekaa, maana ndiyo saa ya kukaa barazani. Mazungumzo yalianza kufa, nyumba moja baada ya nyingine. Peterson alisimama kwenye kizingiti. Akainua mikono yake miwili iliyofungwa, akashika kola ya koti, akalivuta juu mpaka likamfunika kichwa chote. Alilikunja kwa mbele, upesi, kwa mkono wa mtu aliyezoea, akajiachia nafasi ndogo ya macho.

Obeid alikuwa nyuma yao na birika mkononi. Alimtazama mtu yule aliyefunikwa kichwa, na birika likaanza kuinama lenyewe, chai ikamwagika kwenye viatu vyake, naye hakuusogeza mguu.

"Sajini," sauti ilitoka ndani ya koti. "Niache hivi mpaka kituoni. Nakuomba."

"Hapana," alisema Khisa. Alilishika koti, akalirudisha mabegani, akalikung'uta vumbi la pareto. "Leo utatembea uso wazi."

Wakashuka ngazi za baraza, wakaifuata barabara ya katikati.